Yoga ya polepole kwa watu wenye kiwewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa walimu wa yoga, wahudumu wa jamii na washauri nasaha wanaotaka kufundisha kwa Kiswahili watu wenye kiwewe, yaani waliopitia mambo mazito ambayo akili na mwili bado havijayaacha. Yatamfaa pia yule anayefikiria kujiunga na darasa na angependa kujua atakutana na nini humo.

Yoga inayozingatia kiwewe ni ipi, na imetoka wapi?

Ni namna ya kufundisha. Mikao ni ileile ya kawaida, tena mingi mtu huifanya akiwa ameketi kitini. Kinachobadilika ni mwenendo wa mwalimu: haamrishi, hagusi, hatoi alama, na katika kila hatua anamwachia mwanafunzi aamue afanye nini na mwili wake.

Chimbuko lake ni Brookline, pembeni mwa jiji la Boston, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwalimu wa yoga David Emerson alianza kufanya kazi na Bessel van der Kolk, daktari wa magonjwa ya akili, katika kituo kilichokuwa kikihudumia watu walionusurika ukatili, wakiwemo walioumizwa tangu utotoni. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wamezungumza na wataalamu miaka na miaka, wanayaelewa vizuri yaliyowapata, lakini miili yao ilikuwa bado inaishi kana kwamba hatari iko mlangoni.

Mwaka 2014 timu yao ilichapisha utafiti juu ya wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa cha muda mrefu na hakikuondoka kwa tiba za kawaida. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki, kwa wiki 10. Kundi la pili lilihudhuria masomo ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 waliomaliza katika kundi la yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa wa kiwewe. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29 waliomaliza. Makundi yote mawili yalipata nafuu wiki za mwanzo, lakini kundi la masomo lilirudi nyuma baadaye, na la yoga likabaki na nafuu yake. Utafiti huo ni mdogo, na sitaki mtu autumie kutangaza kwamba yoga inaponya kila kitu. Ila unatosha kuonyesha kwamba jambo hili linastahili kufanywa kwa makini.

Kiwewe kinafanya nini mwilini?

Mtu akikabiliwa na hatari, mwili hujitayarisha kupigana au kukimbia: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Akishindwa kupigana na kukimbia pia, mwili unaganda. Hatari ikipita, kwa kawaida mambo hayo hutulia. Kwa mtu mwenye kiwewe hayatulii. Ajali ya basi ilitokea mwaka juzi, lakini kila breki ikilia anashika kiti kwa mikono miwili. Aliyembaka alihama mtaa, lakini harufu fulani ya sigara ikipita miguu inamlegea.

Wengine huenda upande wa pili kabisa: hawasikii chochote. Unawauliza kama miguu yao imegusa sakafu, wanatazama chini kwanza ndipo wakujibu. Hao husahaulika kwa urahisi, kwa sababu darasani wametulia na hawamsumbui mtu. Yoga ya aina hii inamsaidia mtu kurudi kuuhisi mwili wake kutoka ndani, kidogo kidogo, bila kulazimishwa kuhisi zaidi ya anavyoweza kuvumilia.

Kwani yoga yoyote ya polepole si salama tayari?

Hapana. Hili ndilo swali ninalotamani kila mwalimu alikalie kwa muda kabla ya kufungua darasa, maana wengi wetu tunaamini kwamba upole umo katika kwenda taratibu. Tunazima taa, tunaweka muziki laini, tunawalaza watu kwenye mikeka, tunawaambia wafumbe macho na wabaki hapo dakika nne au tano. Kwa mtu ambaye hajapatwa na makubwa hiyo ni starehe. Kwa aliyevamiwa usiku akiwa amelala, tumemrudisha chumba kilekile.

Ukimya na utulivu huondoa vyote vilivyokuwa vikimshughulisha mtu. Mchana ana biashara, watoto, foleni, simu. Sasa umemlaza gizani na kumwambia asisogee. Yale aliyokuwa akiyakimbia yanamkuta hapo. Ndiyo maana yoga ya yin, ambayo hukaa katika mkao mmoja dakika tatu hadi tano, inaweza kumwelemea mtu mwenye kiwewe kuliko darasa la haraka linalomtoa jasho. Sisemi mikao mirefu ni mibaya. Nasema isiwe ndio mwanzo, na isiwe lazima kamwe.

Kinacholifanya darasa kuwa salama ni hiari. Mtu aliyeumizwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Mwingine alimwamulia kwa nguvu, apende asipende. Darasani anapata nafasi ya kuamua tena, katika mambo madogo sana: mkono huu au ule, sasa hivi au baadaye, nisimame au niendelee kukaa. Uamuzi huo mdogo ndio kazi yenyewe, na mkao ni kisingizio chake tu. Darasa la polepole lisilo na hiari ni amri iliyosemwa kwa sauti laini.

Nizungumze vipi darasani?

Wengi wetu tulifundishwa na walimu waliotuamuru, na tumezoea mtu anayeitwa mwalimu aseme, sisi tutii. Wapo waliosoma chini ya fimbo. Kwa hiyo ukisema "Inueni mikono!" darasa zima litainua, hata mama mwenye bega bovu, na hatasema neno kwa sababu ya heshima. Nimewaona akina mama wakivumilia maumivu huku wakitabasamu ili wasimwaibishe mwalimu. Hicho ndicho tunachotaka kukivunja.

Badala ya amri, toa mwaliko wenye njia mbili za kweli:

"Ukipenda, unaweza kuinua mkono mmoja, au yote miwili. Au iache pale ilipo."

"Labda utasikia mvuto ubavuni. Labda hutasikia kitu. Yote ni sawa."

"Tutakaa hapa kwa pumzi tatu hivi. Ukitaka kutoka mapema, toka."

"Macho yanaweza kubaki wazi. Mimi ya kwangu nayaacha wazi."

Angalia kwamba mwaliko wa mwisho unaonyesha kwa vitendo. Kwa watu wetu hilo lina nguvu kuliko maneno. Unaweza kusema mara nyingi kwamba kila mtu achague, lakini wewe mwenyewe ukiendelea kufanya ule mkao mgumu kabisa, watakufuata wewe. Kwa hiyo mara kwa mara chagua ulio mwepesi, mbele yao, bila kueleza sababu. Shusha mikono kabla yao. Keti wakati wengine wamesimama. Mtu akiona mwalimu ameketi, ruhusa ya kuketi inakuwa ya kweli.

Sifa nazo zipunguze. "Vizuri sana, Mama Asha!" inaonekana ni wema, lakini imemfanya Mama Asha afanye kwa ajili yako, na imemwambia Mama Zuhura aliyeketi kando kwamba yeye hakufanya vizuri. Acha pia maneno kama "jiachie", "jisalimishe", "usiogope", "lala tu, utazoea". Mtu anaweza kuwa aliambiwa hayohayo na aliyemdhuru.

Zungumza kwa sauti yako ya kila siku. Ile sauti ya kunong'ona ambayo walimu wengi huitumia inaweza kumtia mtu wasiwasi, hasa akiwa hakuoni vizuri.

Na adabu ya lugha ibaki pale pale. Kama mwanafunzi ni mkubwa kwako na mko mahali pa shikamoo, mwamkie anavyostahili. Kuondoa amri hakumaanishi kuondoa heshima.

Naweza kumgusa mwanafunzi ili kumrekebisha?

Usimguse. Hata ukiomba ruhusa, wengi hawataweza kukukatalia mbele ya wenzao, kwa hiyo hiyo "ndiyo" haina uzito. Kama mkao wake una hatari ya kumuumiza, sema kwa darasa zima, ukionyesha kwa mwili wako.

Chumba kipangwe vipi?

Mwanga wa kutosha. Mlango uonekane na usifungwe kwa ufunguo, ila wapita njia wasiweze kuchungulia; pazia jepesi linatosha. Mikeka au viti viwekwe ili asiwepo anayelazimika kuupa mlango mgongo, na anayetaka ukutani akae ukutani. Ubani na udi viache nyumbani, hata kama unavipenda, kwa sababu harufu hufufua kumbukumbu haraka mno.

Wewe baki mahali pamoja. Usizunguke nyuma ya watu. Ukihitaji kusogea, sema: "Naenda kufungua dirisha."

Mazingira yetu yana kelele, na huwezi kuzifuta. Adhana italia, bodaboda itapiga honi, mtoto wa jirani atapiga ukelele, tairi litapasuka barabarani. Usijifanye hukusikia. Itaje kelele kwa utulivu, "hiyo ni pikipiki nje," kisha mwendelee. Mwili unaojua chanzo cha sauti hutulia haraka zaidi.

Vifaa si lazima viwe vya kununua. Viti vya plastiki visivyoyumba, mikeka ya ukili, kanga zilizokunjwa chini ya goti au kiuno, mto wa nyumbani: vinatosha. Mikanda ya kuvuta miguu mimi siitumii kabisa. Wapo watu waliofungwa kamba, na huwezi kujua ni nani.

Ni mikao gani inafaa, na ipi niiache?

Anza na ile inayomwacha mtu akiwa ameketi au amesimama, anaona chumba na anaweza kuondoka. Kuzungusha mabega, kugeuza shingo kulia na kushoto (kunakompa pia nafasi ya kukitazama chumba), kuinua mikono, kuinamia ubavuni, kujipinda kidogo ukishika egemeo la kiti, kukanyaga sakafu kwa nguvu na kulegeza. Kusimama nyuma ya kiti ukikishika, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kunawapa wengi hisia ya uthabiti waliyoikosa kwa muda mrefu. Watu huzungumzia kutuliza tu, lakini mwili uliodhulumiwa unahitaji pia kuhisi kwamba una nguvu.

Ya kuangalia sana ni ile inayofungua nyonga, inayoinua makalio, au inayomlaza mtu kifudifudi au chali huku miguu imetanuliwa. Ule mkao wa kulala chali ukishika nyayo na magoti yakiwa wazi sioni sababu ya kuuweka katika darasa hili hata siku moja. Mkao wa mtoto (kupiga magoti na kuinama hadi paji la uso liguse chini), ambao vitabu vingi huuita wa mapumziko, unamfanya mtu asione kitu na mgongo wake uwe wazi. Wapo wanaoupenda, wapo wasioustahimili. Kwa wanawake waliokeketwa, au waliopasuka vibaya wakati wa kujifungua, kunyoosha nyonga kunaweza kuleta maumivu ya kweli ya mwili, mbali na kumbukumbu.

Mapumziko ya mwisho nayo yawe na njia nyingi: kukaa kitini, kuegemea ukuta, kulala ubavu, kulala chali ukiwa umejifunika kanga, kutembea taratibu nyuma ya chumba. Dakika tatu zinatosha mwanzoni. Jina la asili la mkao huo wa kulala chali mwishoni linahusu maiti; usilitumie. Unaweza kuwa na mtu aliyelala katikati ya maiti ili anusurike. Yaite mapumziko, basi.

Na pumzi? Si ndiyo moyo wa yoga?

Pumzi ina nguvu, ndiyo sababu ya kwenda nayo kwa tahadhari. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunasaidia mapigo ya moyo kupungua, na watu wengi huona nafuu. Lakini aliyewahi kukabwa koo, aliyekaribia kuzama majini, au mwenye pumu, akiambiwa aitazame pumzi yake anaweza kuingiwa na hofu hapo hapo.

Kwa hiyo iunganishe na mwendo: "Mikono ikipanda, huenda ukapenda kuvuta pumzi, ikishuka, kuitoa. Au pumua tu unavyopumua." Usifundishe kuziba pumzi, wala ile ya haraka haraka ya kusukuma tumbo.

Darasa la saa moja linakwendaje?

Mimi hulipanga hivi, wewe unaweza kulipanga vingine. Dakika za kwanza ni za kueleza: tutafanya nini, tutamaliza saa ngapi, choo kiko wapi, unaweza kutoka na kurudi bila kuomba ruhusa. Usizifupishe. Mtu anayejua kinachokuja hupunguza kukaa chonjo.

Kisha robo saa kitini, tukianza na miguu sakafuni, halafu shingo, mabega na mikono. Baada ya hapo tunasimama kwa wanaotaka, kwa kama dakika 20, tukishika viti. Tunarudi kukaa, tunanyoosha mguu mmoja mmoja, tunajipinda kidogo. Mapumziko mafupi. Mwishoni tunatazama chumba, kila mtu anataja kimoyomoyo vitu vichache anavyoviona, halafu tunamaliza kwa saa ileile iliyotajwa. Usizidishe hata kama darasa limenoga: kutimiza saa ni ahadi, na watu hawa wamevunjiwa ahadi nyingi.

Mpangilio ubaki uleule wiki hadi wiki. Wewe utachoka kabla yao.

Mwanafunzi akilia, akitetemeka au akiganda, nifanye nini?

Kulia peke yake si dharura. Usimkimbilie, usimkumbatie, usiwafanye wote wamgeukie. Endelea kufundisha kwa sauti ileile na utoe mwaliko kwa wote wa kukanyaga sakafu au kushika kiti. Weka leso za karatasi mahali ambapo kila mtu anaweza kuzifikia bila kuomba.

Akitetemeka au akipumua kwa kasi, mlete kwenye kilichopo hapa na sasa. Unaweza kulifanya na darasa zima ili asione haya: "Tutazame chumba. Tafuta kitu chenye rangi ya bluu. Sikia kiti kinavyokubeba. Leo ni Jumanne, tuko Likoni, ni saa kumi jioni." Macho wazi, miguu sakafuni, mikono ikishika kitu chenye ugumu au ubaridi, kama chupa ya maji.

Anayeganda ni wa kuangaliwa zaidi. Macho yake yanatazama bila kuona, hasikii akiitwa, amebaki katika mkao ambao wenzake wamekwisha kuuacha. Mwite kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, ukiwa mbele yake na si karibu sana. Mwambie wewe ni nani na yuko wapi. Usimtikise. Akirudi, mpe vitu vya kuchagua: maji, kukaa nje kidogo, kuendelea, kwenda nyumbani. Usimwache aondoke peke yake akiwa bado anayumba, na usimwombe akueleze alichokiona.

Hapa ndipo mwalimu wa pili anapohitajika. Kama unafundisha watu ambao unajua wametoka katika ukatili au vita, kuwa wawili ni jambo la msingi.

Niwaulize yaliyowapata?

Hapana. Waulize kuhusu presha, ujauzito, mifupa, upasuaji wa karibuni, pumu, kifafa. Mengine ni yao. Mtu akitaka mwenyewe kukusimulia baada ya darasa, msikilize kwa heshima, usichimbe, na uwe na namba za wataalamu tayari. Darasa lenyewe lisiwe mahali pa kusimuliana, kwa sababu simulizi ya mmoja inaweza kumwangusha mwingine.

Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Je, nitakuwa nafanya ibada ya dini nyingine?

Wasiwasi huu ni wa haki na haustahili kupuuzwa. Yoga ilizaliwa India, ndani ya mapokeo yenye mizizi ya kidini. Huko Malaysia, baraza la kitaifa la fatwa lilitoa uamuzi mwaka 2008 dhidi ya yoga yenye nyimbo na ibada ndani yake. Anayesema yoga haijawahi kuhusiana na dini hasemi kweli.

Darasa linalozingatia kiwewe, hata hivyo, halina nyimbo, halina sanamu wala mishumaa, halisemi maneno ya Kisanskriti na halimtaki mtu aunganishe viganja kifuani. Kinachobaki ni kunyoosha viungo na kupumua. Kama dhamiri yako bado haijatulia, zungumza na sheikh au mchungaji unayemwamini, na ukiamua kutokuja uamuzi huo ni sahihi. Mwalimu asibishane na mtu juu ya imani yake. Darasa la hiari haliwezi kuanza kwa kumshinda mtu kwa hoja.

Nivae nini? Wanaume na wanawake wako pamoja?

Vaa chochote kinachokuruhusu kusogea: dera, suruali pana, hijabu yako, buibui ukitaka. Nguo za kubana hazihitajiki. Darasa la wanawake lifundishwe na mwanamke, na la wanaume liwepo pia, kwa sababu wanaume walioumizwa wapo na wengi hawana pa kwenda. Mwezi wa Ramadhani ni bora kusogeza muda uwe baada ya futari na tarawehe, au kupunguza mwendo kabisa.

Yoga inatosha bila mshauri nasaha?

Kwa wengine inasaidia sana, lakini haichukui nafasi ya tiba. Mwalimu wa yoga hatibu kiwewe na hampimi mtu. Mwenye mawazo ya kujiua, asiyelala siku nyingi, anayesikia sauti, au anayeishi bado na anayempiga, anahitaji msaada mwingine kwanza. Kenya ipo namba 1195 ya bure kwa ukatili wa kijinsia, na 116 kwa watoto. Tanzania, 116 inahudumia watoto. Huko Tanzania pia vituo vya polisi vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambako huduma ya daktari, polisi na ushauri hupatikana chini ya paa moja. Jua kilicho karibu na darasa lako kabla hujalifungua: nenda mwenyewe, uonane na watu wa pale, ili siku ukimwelekeza mtu usimtume gizani.

Nawafundisha wakimbizi. Kuna la ziada?

Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, imekuwa ikihifadhi Wakongomani na Warundi. Kambi ya Kakuma huko Turkana, Kenya, ina watu wa mataifa mengi, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao, ingawa cha Bukavu si cha Unguja. Tumia maneno mafupi, onyesha kwa mwili, na mwombe mmoja wao akurekebishe lugha. Ukitumia mkalimani, kaa naye kabla ya darasa. Mkalimani asiyeelewa hugeuza kila "ukipenda" kuwa amri, na kazi yako yote inapotea hapo.

Usiwapange kwa kabila au nchi, usiwahesabu kwa sauti, usitumie filimbi. Kupangwa foleni na kuhesabiwa wamekwisha kupitia. Picha usipige, hata mfadhili akiziomba, kataa.

Nipate wapi mafunzo?

Wale wa Boston walioanzisha yoga hii wanatoa kozi ya msingi ya saa 20, na cheti cha saa 300 kwa wanaotaka kwenda mbali. Sehemu kubwa hupatikana kwa mtandao, ila kwa Kiingereza. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo imefundisha walimu vijana wengi na kuwapeleka mitaani. Mafunzo ya jumla ya yoga ni msingi mzuri, lakini hayatoshi kwa kazi hii. Yaunge na mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mashirika ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu hutoa katika nchi nyingi.

Pata pia mtu wa kukusikiliza wewe. Utaona na kusikia mambo yatakayokufuata nyumbani, na mwalimu aliyechoka hurudia kuamrisha bila kujijua.

Nitajuaje kama inasaidia?

Usitafute mikao mizuri. Tafuta mtu aliyekataa kitu kwa mara ya kwanza. Aliyehamisha kiti chake bila kukutazama usoni kutafuta ruhusa. Aliyesema "leo nitakaa tu." Baadaye huenda ukasikia kwamba amelala usiku mzima, au amepanda daladala bila kushuka njiani. Wengine hawatakuambia kitu, na hawana deni hilo kwako.

Mwanafunzi akiacha kuja, nimpigie simu?

Mkubaliane mapema, siku ya kwanza: utumie njia gani, saa ngapi, na nani mwingine anashika simu hiyo. Kwa mwanamke anayeishi na mume mkali, ujumbe wenye maneno "darasa la kiwewe" unaweza kumletea kipigo. Andika kitu cha kawaida, kwa mfano "Salamu dada, Jumanne tupo kama kawaida," tena mara moja tu. Asipojibu, usimtume mtu nyumbani kwake. Jina lake libaki kwenye orodha, na siku akija mpe kiti bila kumuuliza alikuwa wapi.